Jyotish, nyota za Kimagharibi au falaki ya Pwani: uende wapi, na kwa swali gani?

Ukitaka kusomewa nyota leo Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, milango iko mitatu. Wa kwanza ni jyotish, unajimu wa Kihindi, ambao familia za Wahindu wa huku zimeuendeleza kwa vizazi na sasa umeingia hadi kwenye simu. Wa pili ni nyota za Kimagharibi, hizi za Punda, Ng'ombe na Mapacha tunazozisoma magazetini. Wa tatu ni falaki ya Pwani, yenye vitabu vya Kiarabu, hesabu za majina na manzili za Mwezi.

Makala hii ni ya aliyekwama katikati. Pengine wakwe watarajiwa wameomba kundali, yaani ramani ya nyota ya kuzaliwa kwako. Pengine rafiki amekutumia programu inayokwambia tabia zako, au shangazi anasisitiza uende kwa mwalimu wake "akakuangalizie". Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Katika njia zote tatu kuna hesabu ambayo mtu anaweza kuihakiki mwenyewe kwa kalamu au kwa kutazama juu. Kutoka hapo hadi kwenye ndoa yako, maradhi yako au cheo chako kuna pengo, na hakuna hata njia moja iliyolivuka kwa ushahidi. Hata hivyo watu wana sababu nyingi za kwenda kwa mnajimu, na nyingine ni za heshima kabisa: mila ya nyumbani, haja ya kusikilizwa, hamu ya kujua babu zetu walisomaje anga.

Nitazipima kwa mambo manne: unachotakiwa kuleta, hesabu yenyewe imesimama juu ya nini, ilipojaribiwa ilitoa nini, na inaweza kukugharimu nini.

Unatakiwa ulete nini

Jyotish inadai mengi: tarehe, mahali na saa ya kuzaliwa. Saa ndiyo yenye uzito, kwa sababu msingi wa kundali ni lagna, yaani ile kati ya alama 12 za nyota inayochomoza mashariki wakati unazaliwa, nayo hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Migawanyo midogo inayotumika sana katika mambo ya ndoa, kama navamsha, hubadilika kila baada ya dakika 13 hivi.

Hapa sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna mtego wetu. Mama anakwambia ulizaliwa saa tatu usiku. Programu iliyotengenezwa Bengaluru inakuuliza saa, unaandika 3 ya usiku, nayo inaelewa saa tisa usiku, saa sita baada ya ile ya kweli, au saa 18 kabla yake, kutegemea tarehe uliyojaza. Lagna imehama alama tatu nzima na nyumba zote 12, yaani sehemu za kundali zinazosimamia mambo ya maisha, zimehama nayo. Kabla hujalipa mtu yeyote, tafuta kadi ya kliniki uone saa iliandikwa kwa mtindo gani. Na kama mzazi anakumbuka tu kwamba "ilikuwa alfajiri, mvua inanyesha", ujue kwamba kundali yoyote utakayopewa ina makadirio ndani yake, hata ikichapishwa kwa rangi za dhahabu.

Nyota za gazetini zinataka tarehe tu. Mnajimu wa Kimagharibi anayechora ramani kamili ya kuzaliwa atadai saa vilevile, na mtego ni ule ule.

Falaki ya majina haihitaji tarehe kabisa, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kudumu kwake katika jamii ambazo wazee wengi tarehe zao ni za makadirio. Unaleta jina lako na la mama yako. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake ya abjadi. Unajumlisha, unagawanya kwa 12, na baki ndiyo nyota yako. Chukua Ali mwana wa Fatuma. Ali ni ain 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Fatuma ni fa 80, alifu 1, ta 9, mim 40, na ile ta ya mwisho iliyofungwa ihesabiwe 5 kama ha: jumla 135. Pamoja ni 245; gawanya kwa 12, inabaki 5, nyota ya tano, Asadi, yaani Simba. Lakini wako wanaoihesabu ile herufi ya mwisho kuwa 400. Basi Fatuma anakuwa 530, jumla inakuwa 640, baki ni 4, na Ali amegeuka Saratani, yaani Kaa.

Hesabu imesimama juu ya nini

Utaambiwa mara nyingi kwamba jyotish ni elimu ya Veda ya maelfu ya miaka. Nusu yake ni kweli. Jyotisha ni mojawapo ya elimu sita saidizi za Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, na kitabu chake cha zamani kabisa, kinachohusishwa na Lagadha, ni cha kalenda: kinafundisha kupanga siku za ibada kwa kufuata Jua, Mwezi na nakshatra 27, yaani vituo vya Mwezi angani. Kundali ya kuzaliwa haimo. Alama 12, nyumba 12 na usomaji wa maisha ya mtu binafsi viliingia India baadaye kwa mkutano na Wagiriki, na Varahamihira, bingwa wa fani hii wa karne ya 6, aliandika waziwazi kwamba Wagiriki wanastahili heshima kwa elimu yao ya nyota. Kwa hiyo mtu akikushinikiza kwa kigezo cha ukale mtakatifu, unaweza kumjibu kwa heshima kwamba anachokusomea ni kichanga kuliko anavyosema.

Upande wa anga, jyotish ni hodari. Panchang, kalenda ya Kihindu, inakupa kupatwa kwa Jua, siku ya Mwezi mwandamo na mahali ilipo kila sayari, na ukitazama juu utaikuta hapo. Jyotish hupima alama kwa kulinganisha na nyota zenyewe, ilhali Wamagharibi huanzia pale Jua linapovuka ikweta mwezi Machi. Kwa kuwa mhimili wa dunia unayumba polepole, takriban nyuzi 1 kila miaka 72, vipimo hivyo viwili sasa vimepishana kwa nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana aliyezaliwa tarehe 5 Aprili ni Punda kwenye gazeti, lakini kwa Wahindi Jua lake liko Mina, yaani Samaki.

Ugomvi uko kwenye hizo nyuzi 24. Kamati ya kurekebisha kalenda ya India, iliyoundwa mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, ilichagua kipimo kinachojulikana leo kwa jina la Lahiri. B. V. Raman wa Bengaluru, mnajimu aliyesomwa sana katika karne ya 20, alitumia chake, chenye tofauti ya karibu nyuzi moja na nusu. Inasikika ndogo, lakini jyotish hugawa maisha katika vipindi vya sayari vinavyojumlisha miaka 120: Zuhura 20, Zohali 19, Rahu (pale njia ya Mwezi inapokata njia ya Jua, panapohesabiwa kama sayari) 18, na kadhalika. Mwanzo wa kila kipindi unategemea Mwezi ulikuwa wapi ndani ya nakshatra yenye nyuzi 13 na theluthi moja. Badilisha kipimo kwa nyuzi moja na nusu, na mwisho wa kipindi cha Zuhura ulichozaliwa nacho unasogea kwa zaidi ya miaka miwili. Anayekutajia mwezi wa kupata kazi anakutajia kitu ambacho wenzake wa fani hiyo hiyo wangeweka mwaka mwingine kabisa.

Nyota za Kimagharibi zimejiondolea ugomvi huo kwa kuzifunga alama na majira ya mwaka. Kwa aliyeko Ulaya ina mantiki: Punda ni mwanzo wa machipuko. Kwetu karibu na ikweta, mwisho wa Machi ni masika, na kusini zaidi ni majira ya majani kupukutika. Sijaona maelezo yanayoniridhisha kwa nini mtoto wa Mbeya apewe tabia za machipuko ya Athens. Zile safu za magazeti zenyewe ni za juzi: zilishika kasi baada ya R. H. Naylor kuandika kuhusu kuzaliwa kwa binti mfalme Margaret katika gazeti la London mwaka 1930.

Falaki ya Pwani ina sura mbili, na nasikitika kwamba watu huijua moja tu. Sura ya kwanza ni ya mwaka wa Nairuzi: siku 365 zilizogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, ambayo mabaharia na wakulima waliitumia kujua lini kaskazi itaanguka, lini kusi itapanda, lini ipandwe mbegu. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kila Julai, umetokana na hesabu hiyo. Haina mwaka mrefu, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne, na wenyewe walilijua hilo. Hii ni elimu ya kuonewa fahari, na bahari iliisahihisha kila msimu. Sura ya pili ndiyo ile ya majina ya Ali na Fatuma. Ile haitazami juu hata kidogo.

Ilipojaribiwa

Jaribio ninalolithamini zaidi kwa jyotish lilifanywa na Wahindi wenyewe, jimbo la Maharashtra. Mtaalamu wa elimu ya anga Jayant Narlikar pamoja na mtakwimu Sudhakar Kunte, Narendra Dabholkar na Prakash Ghatpande, ambaye aliwahi kuwa mnajimu, walikusanya taarifa za kuzaliwa za watoto 200: 100 waliofanya vizuri sana shuleni na 100 wenye ulemavu wa akili. Wanajimu waliojitolea walipewa kundali 40 kila mmoja, bila majina, waseme kila moja ni ya kundi gani. Hawakuulizwa jambo la kuteleza. Tofauti kubwa kiasi hicho katika maisha ya mtu, kama kundali inaonyesha lolote, ingepaswa kuonekana. Wanajimu 27 walirudisha majibu. Kwa wastani walipatia asilimia 46. Kurusha sarafu kungetoa 50, na aliyepata nyingi kuliko wote alipatia 24 kati ya 40.

Utabiri wa hadharani nao una kumbukumbu zake. Februari 1962, Jua, Mwezi na sayari zote tano zinazoonekana kwa macho zilikusanyika katika Makara, alama ya Mbuzi. Hesabu ilikuwa sahihi, anga lilifanya vilevile. Wanajimu wengi wa India wakatangaza maangamizi, watu wakakesha kwenye maombi makubwa ya moto, na siku zikapita. Mwaka 2015 Rais Mahinda Rajapaksa wa Sri Lanka, ambaye mnajimu wake alijulikana na nchi nzima, aliitisha uchaguzi mapema, akaingia tarehe 8 Januari, akashindwa.

Wengine watakujibu kwamba India jyotish inafundishwa chuo kikuu. Ni kweli: tume ya vyuo vikuu iliruhusu mwaka 2001, na Mahakama ya Juu ikakataa kuzuia mwaka 2004. Mahakama iliamua juu ya mamlaka ya kuanzisha kozi. Jaribio la watoto 200 liko palepale.

Nyota za Kimagharibi zilipimwa na Shawn Carlson, matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1985. Wanajimu walipewa ramani ya mtu mmoja na maelezo matatu ya tabia yaliyotokana na dodoso la kisaikolojia, wachague yapi ni yake. Walipatia kama theluthi, sawa na bahati nasibu. Mapema zaidi, mwaka 1948, Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake "uchambuzi binafsi" wa tabia zao, nao wakaupa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa maneno yale yale, aliyoyaokota kwenye kitabu cha unajimu. Nadhani hili linaeleza mengi kuhusu ile "lakini aliniambia mambo ya kweli" tunayoisikia kila siku, tena kwa milango yote mitatu.

Falaki ya majina unaweza kuipima bila maabara. Akina Ali wa Fatuma ni maelfu kutoka Lamu hadi Kilwa. Wote ni nyota moja, wa mwaka huu na wa karne iliyopita, tajiri na fukara.

Na ukitaka jaribio lako binafsi, kwa mlango wowote: mwombe anayesoma akuandikie maelezo yako na ya watu wengine wawili wa rika na jinsia yako. Futa majina na kila kinachodokeza tarehe. Mpe mwenzi wako au dada yako achague lako. Kwa kubahatisha atapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia na marafiki kadhaa kabla ya kuamini au kukataa.

Inaweza kukugharimu nini

Kusomewa kwenyewe huwa si gharama kubwa. Gharama ni ile inayofuata.

Katika jyotish, chungu kuliko yote ni ya ndoa. Msichana akionekana "manglik", yaani Mirihi imekaa nyumba ya 1, 4, 7, 8 au 12, husemwa atamletea mume mauti au balaa. Piga hesabu: nyumba 5 kati ya 12 ni karibu asilimia 42 ya watu wote. Wengi hawaishii kwenye lagna, wanahesabu tena kuanzia Mwezi, na hapo tunafika theluthi mbili. Kasoro inayoangukia watu wengi kiasi hicho haiwezi kuwa hukumu juu ya binti mmoja, lakini ndiye anayeibeba, mchumba anaondoka, na wapo waliofungishwa ndoa na mti au chungu kwanza ili "balaa" iishie huko. Sade sati, miaka saba na nusu ya Zohali inayoogopwa, ni vivyo hivyo: inagusa alama tatu kati ya 12, kwa hiyo wakati wowote robo ya wanadamu wamo ndani yake. Ukiwa katika shida na ukaambiwa hivyo, utaona imekupata wewe peke yako. Kisha inakuja tiba: yakuti ya buluu kwa Zohali, marijani kwa Mirihi, puja, yaani ibada, za kulipia.

Nyota za Kimagharibi hugharimu kidogo, kwa kawaida ada ya programu na muda. Madhara yake ni ya chini chini: mtu anaachwa kwa kuwa ni Ng'e.

Kwa falaki ya Pwani hofu yangu kubwa ni kauli moja: "nyota yako imefungwa." Kauli hiyo haiji bila mshukiwa, na mshukiwa mara nyingi ni wifi, mama mkwe au jirani. Pesa za kuku mweusi na za kombe unaweza kuzisamehe; undugu uliovunjika huchukua kizazi. Kwa Mwislamu kuna jambo la kutangulia yote haya: masheikh wengi hutenganisha falaki ya kibla, saa za swala na miandamo, ambayo ni elimu ya halali, na utabiri wa nyota, wanaoukataza. Makanisa mengi nayo hukataza utabiri, uwe wa mlango gani.

Inamfaa nani, kwa hali gani

Jyotish inamfaa aliyelelewa katika mila hiyo, mwenye saa ya uhakika ya kuzaliwa, anayetaka siku ya ibada au sherehe ikubaliwe na wazee wake. Nyota za Kimagharibi zinamfaa anayetaka kisingizio kizuri cha kujitafakari, na mnajimu wa kisasa wa upande huo mara nyingi huacha utabiri wa matukio na kuzungumzia tabia. Falaki inamfaa mwenye kupenda elimu ya Pwani, hasa kalenda na upepo, na yule asiyejua alizaliwa lini akitaka tu kuona wazee walihesabu vipi.

Kama wakwe wameomba kundali na wewe huna tatizo na mila yao, wape, lakini mkubaliane kabla: alama za ulinganisho wa kundali zenu mbili zikipungua 18 kati ya 36 itakuwaje? Jibu likiwa "tutavunja", ni heri mlijue kabla ya kadi kuchapishwa. Moja ya vipimo vya ulinganisho huo, nadi, hubeba alama 8 na hudaiwa kulinda afya ya watoto. Inatokana na Mwezi ulipokuwa mlipozaliwa. Damu yenu haimo. Pimeni selimundu hospitalini, wote wawili, hata kama nadi imepata alama zote.

Kama unachagua siku tu, ya kufungua duka au kuhamia nyumba, kuuliza panchang hakudhuru kitu alimradi siku hiyo inakufaa kwa mengine. Kuna Wahindu wengi wanaokwepa Rahu kalam, sehemu moja kati ya nane za mchana, ambayo Jumatatu jua likichomoza saa kumi na mbili huangukia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi. Kufungua duka saa tatu na robo badala ya saa mbili si hasara. Kusubiri miezi minane huku unalipa pango ni hasara.

Kama unaumwa, au mtoto anaumwa, usianze na mlango wowote kati ya hii. Ukishaanza dawa na bado roho yako inataka dua ya mtu wa dini yako, hilo ni jambo jingine na ni haki yako.

Kama ni pesa, kesi au safari ya Ughaibuni kupitia wakala, andika unachojua kabla ya kwenda: kiasi, tarehe ya mwisho, nani anadai nini. Ukitoka, tazama kama umeongezewa hata taarifa moja unayoweza kuihakiki. Mara nyingi utakuwa umeongezewa utulivu, na utulivu una thamani, lakini usitie saini kwa sababu yake.

Kama uko katika majonzi, talaka au msiba, na unachotaka ni mtu wa kukaa nawe saa nzima akusikilize, mnajimu mzuri wa mlango wowote anaweza kufanya hivyo, na wapo wanaofanya kwa moyo. Mchague kwa mambo mawili: hakutishi, na hakuuzii kitu baada ya kukutisha. Akikwambia kuna kifo mbele yako na kinga yake ana kwa bei fulani, inuka uondoke, hata kama tayari umelipia saa nzima.